Dawa za kuua vijidudu katika udongo wa bustani ya mboga

Mkulima wa nyanya wa Rwimbogo, wilayani Rusizi (zamani Cyangugu), anayeuza hadi ng'ambo huko Bukavu, anaweza kupoteza shamba zima kwa mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake hukaa udongoni kwa miaka, na hapo ndipo wengine hushawishika kumwaga jiki au formalini bustanini.

Jiki haifai. Klorini yake huishia kwenye samadi na mabaki ya majani kabla ya kufika chini, ikaacha chumvi. Ikichanganywa na tindikali au amonia hutoa gesi ya sumu. Iachwe iwe ya kusafishia visu na trei za miche.

Formalini huua kweli, lakini haichagui: huua pia vijidudu vinavyorutubisha udongo, na mche ukipandwa kabla harufu haijaisha kabisa hufa. Anayeumia zaidi ni mchanganyaji, si mlaji wa Bukavu. Tangu 2004 imetambuliwa kimataifa kuwa inasababisha saratani. Methili bromaidi, iliyotumika sana katika maua Kenya, iliondolewa kwenye kilimo cha kawaida katika nchi zinazoendelea mwaka 2015 kwa kuharibu tabaka la ozoni.

Kwa kitalu, jua linatosha: udongo uloweshwe, ufunikwe nailoni angavu wiki 4 hadi 6 wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Shambani, mmea wenye mnyauko ung'olewe na mizizi yake, na msimu unaofuata yapandwe mahindi, si viazi mviringo wala biringanya, ambazo huugua ugonjwa huohuo.