Nyota iliyotoka darasani: historia ya mapambo ya Krismasi ya kujitengenezea

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba pambo la Krismasi lililokatwa na kubandikwa nyumbani ni la mwenye dhiki, na kwamba mwenye uwezo hununua la dukani. Mzazi anayemkalisha mtoto chini na karatasi, mkasi na gundi ya unga huonekana anabana matumizi tu. Historia inasema kinyume. Ua la karatasi, nyota, tufe la kung'aa: sehemu kubwa ya vitu vinavyoning'inia Desemba katika maduka ya Kariakoo vilianza vikiwa kazi ya mikono, nyumbani au darasani, na mikono ya watoto ilikuwamo. Duka lilikuja baadaye, likanakili. Mapambo hayakupungua kwa sababu hiyo, tena yameongezeka kupita kiasi. Kilichopungua ni nafasi ya mtoto kuwa fundi wa sikukuu yake mwenyewe, na hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyoikiri.

Moja ya maelezo ya kale zaidi ya mti wa Krismasi uliopambwa ni la mwaka 1605, kutoka mji wa Strasbourg. Mwandishi wake anaeleza kwamba watu wa huko walisimamisha misonobari katika vyumba vya kuzungumzia, wakaitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matufaha, kaki nyembamba, karatasi za dhahabu na vitu vya sukari. Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna kitu ndani yake ambacho familia isingeweza kukikata, kukipika au kukichuma. Na mapambo mengi yaliliwa: kwa desturi iliyodumu muda mrefu katika nchi zinazosema Kijerumani, sikukuu zilipofikia ukingoni watoto waliruhusiwa kuuvamia mti na kula vilivyobaki. Pambo na zawadi vilikuwa kitu kimoja.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kanisa la Wamoravian. Kanisa hili lilipata makao mwaka 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipojenga kijiji cha Herrnhut, mashariki ya Ujerumani ya leo, katika ardhi ya Mtemi Zinzendorf. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1732, walianza kutuma wamisionari ng'ambo: visiwa vya Karibi kwanza, kisha Greenland, Suriname na Afrika Kusini. Wamisionari wengi waliwaacha watoto wao katika shule za bweni za kanisa, na watoto hao waliishi miaka mingi bila kuwaona wazazi. Moja ya shule hizo ilikuwa Niesky, si mbali na Herrnhut. Huko, mwaka 1821, shule ilipotimiza miaka 50, ilitundikwa nyota ya karatasi yenye taa ndani na ncha 110. Katika miaka ya 1830 kutengeneza nyota kukawa zoezi la jiometri darasani, na baadaye desturi: Jumapili ya kwanza ya Majilio, watoto waliketi pamoja wakakata, wakakunja na kubandika nyota za kupamba vyumba vyao, nyingi zikiwa na ncha nyeupe na nyekundu.

Inafaa kueleza kwa nini mwalimu wa hisabati aliipenda kazi hiyo. Nyota iliyozoeleka zaidi imejengwa juu ya umbo lenye nyuso 26, yaani miraba 18 na pembetatu 8. Uso mmoja wa mraba huachwa wazi ili taa ipite na kamba ifungwe, kwa hiyo zinabaki ncha 25: kumi na saba zenye kitako cha mraba na nane zenye kitako cha pembetatu. Kila ncha ni piramidi ndefu iliyokunjwa kutoka kipande kimoja cha karatasi. Vitako vyote vikiwa na upande wa urefu uleule, nyota hujifunga yenyewe. Kimoja kikizidi kidogo, ukingo haukutani na mwenzake. Mtoto halazimiki kuambiwa na mtu kwamba amekosea, maana karatasi yenyewe inamwonyesha, na anarudi kupima upya. Sidhani kama kuna njia bora zaidi ya kumfundisha mtoto wa miaka 10 maana ya vipimo, na matokeo yake ni kitu kizuri cha kutundika barazani.

Mwishoni mwa karne ya 19 Pieter Hendrik Verbeek, mwenye duka la vitabu Herrnhut, alianza kuuza nyota hizo, na mwanawe Harry akaendeleza biashara hadi ikawa kiwanda. Hata hapo kazi ya mikono haikuondoka. Nyota za karatasi ziliuzwa zikiwa vipandevipande, na mnunuzi akaziunganisha nyumbani na watoto wake, jambo linaloendelea hadi leo. Waliozijua nyota tangu shuleni walielewa kwamba pambo lililokamilika tayari lingekosa nusu ya thamani yake.

Kanisa hilohilo linatupa pia mfano wa zawadi. Tarehe 20 Desemba 1747, katika ibada ya watoto huko Marienborn, kiongozi wa Wamoravian Johannes von Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliowashwa na kufungwa utepe mwekundu. Gharama yake ilikuwa ndogo mno, lakini kila mtoto aliondoka na kitu chake mwenyewe. Mwaka 1968 John Pensom, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la watoto la Kanisa la Anglikana nchini Uingereza, aliifufua desturi hiyo kwa sura nyingine: chungwa lenye utepe mwekundu, mshumaa juu, na vijiti vinne vyenye matunda makavu au peremende. Tofauti iliyo muhimu ni kwamba sasa mtoto mwenyewe ndiye anayekipamba kile atakachokipokea.

Mtu makini anaweza kupinga hapa: je, hatuipambi dhiki ya watu wa zamani? Hoja hiyo ina uzito, na ushahidi wake uko Lauscha, kijiji cha wapuliza kioo katika milima ya Thuringia. Matufe ya kioo ya Krismasi yalianzia huko katika miaka ya 1840. Baba alipuliza kioo kwenye moto, mama na watoto wakapaka rangi ya fedha ndani na kuchora nje, kisha wanawake wakabeba mizigo ya vikapu hadi kwa wafanyabiashara wa Sonneberg. Mwaka 1880 Mmarekani F. W. Woolworth alianza kuyauza matufe hayo katika maduka yake ya bei rahisi, na mahitaji yakapanda kwa kasi. Watoto wa Lauscha walitengeneza mapambo kwa mikono, ndiyo, lakini walifanya kazi ya saa nyingi kwa ajili ya miti ya watoto wengine. Hilo halitetewi na makala haya. Kinachotofautisha Lauscha na Niesky ni swali moja: pambo linakwenda kwa nani? Mtoto wa Niesky aliitundika nyota chumbani mwake. Tena hoja hii inamgeukia anayenunua kuliko anayejitengenezea, kwa kuwa mapambo rahisi ya leo, mengi yakitoka Yiwu nchini China, nayo yana mikono nyuma yake, mikono ya wafanyakazi wasioonekana na mtoto anayeyapokea.

Pingamizi la pili ni kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Theluji ya pamba juu ya mti wa plastiki, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, kweli ni mambo ya Wazungu, na mimi nisingesikitika kuiona ikitoweka. Nyota haimo katika fungu hilo. Imetajwa katika Injili ya Mathayo, nayo ni ya kila anayeisoma. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Malighafi nayo ipo. Ukindu unaosukwa mikeka unaweza kusukwa pia nyota na vikapu vidogo vya peremende. Mkakaya, unaowaka maua mekundu kila Desemba, hudondosha maganda makavu yenye mbegu zinazolia yakitikiswa. Ukilipaka rangi ganda moja, mtoto mchanga amepata zawadi. Na mafundi wapo tele, kwani mtoto anayetengeneza gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu, likakata kona barabara, hahitaji kusomeshwa ubunifu. Anahitaji kuambiwa kwamba kazi yake inastahili kukaa sebuleni siku ya sikukuu.

Wapo watakaosema mtoto ataona haya mbele ya mwenzake mwenye toi la dukani. Ataona haya iwapo sisi tunaona haya. Denmark ni nchi tajiri yenye maduka yaliyojaa, na bado familia zake husuka mioyo ya karatasi nyekundu na nyeupe kila Krismasi. Moyo wa zamani zaidi unaojulikana ulitengenezwa na mwandishi Hans Christian Andersen mwaka 1860. Hakuna anayewaza huko kwamba moyo wa karatasi ni dalili ya umaskini.

Ugumu ulio wa kweli ni muda. Wazazi wengi wanarudi nyumbani usiku, na kuwaongezea kazi ni kuwaonea. Lakini nyota ya Niesky haikutengenezwa na wazazi, ilitengenezwa shuleni. Desemba shule zetu zimefungwa, ila shule za Jumapili ziko wazi, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwalimu achukue karatasi za manila, achore kwa kila ncha ya mraba pembetatu nne zinazokutana kileleni, kitako sentimita 5 na pande sentimita 15, na pembetatu tatu za vipimo hivyohivyo kwa kila ncha ya pembetatu, akiacha ukingo wa kubandikia. Aanze mapema, wiki tatu kabla ya sikukuu, kwa sababu ncha 25 haziishi kwa siku moja. Ndani aweke taa ndogo ya betri, asiweke mshumaa, maana karatasi hushika moto. Kisha awaachie watoto wenyewe waamue itundikwe wapi kanisani.