Bukoba Kabla ya Dawa

Mkoa wa Kagera ulikuwa haujapona vita. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliuvamia mwishoni mwa 1978, yakalipua daraja la Kyaka, na waliokimbia waliporudi walikuta nyumba zimeporwa. Maduka yalikuwa matupu, bidhaa zikawa zinavuka mpaka kwa magendo. Ndiyo maana ugonjwa mpya ulipoanza kukondesha watu, mitaani uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo. Wengine walisema mgonjwa alimdhulumu mfanyabiashara, naye akamroga.

Mwaka 1983 Hospitali ya Ndolage, ya Kanisa la Kilutheri wilayani Muleba, ikapata wagonjwa watatu, wa kwanza kutambuliwa kuwa na UKIMWI nchini Tanzania. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa, na mwaka 1988 ukaundwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI.

Kwangu mimi, hatua kubwa kuliko zote ilichukuliwa Kagera mwaka 1987. Hospitalini huonekana wale tu waliokwisha kuugua, ilhali virusi vya UKIMWI hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Basi watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakaenda kupima damu ya wananchi wa kawaida, wazima na wagonjwa. Tusisahau ujasiri wa waliokubali kutolewa damu: dawa hakuna, na jirani kazikwa juzi.

Majibu yalitisha. Bukoba mjini, asilimia 24.2 ya watu wa miaka 15 hadi 54 walikuwa na virusi. Vijijini Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe 4.5, lakini Ngara na Biharamulo 0.4 tu. Takwimu hizo zilionyesha msiba ulipo, zikaonyesha pia kwamba maelfu kwa maelfu bado wangeweza kukingwa. Elimu na ushauri nasaha vikapata pa kuanzia.

Mwaka 1993 kiwango cha Bukoba mjini kilishuka hadi asilimia 18.3, na 1996 hadi 13.3. Vifo vilichangia, hilo halifichiki. Lakini kilishuka sana kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24, ambao wengi wao walikuwa ndio kwanza wanaingia utu uzima. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kweli, miaka minane kabla serikali haijaanza kugawa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004.