Mapumziko ya Mlimani: Uvidunda na Madeira

Mtu anayeazimia kwenda kupumzika huuliza kwanza habari za hewa. Hutaka mahali pasipo joto la kuchosha wala baridi ya kuumiza, penye mlima wa kutazama na maji safi ya kunywa. Akisha kupata jina la mahali hapo huuliza njia, kisha huuliza nyumba ya kulala, kisha huhesabu fedha zake. Swali la mwisho, ambalo aghalabu haliulizwi kabisa, ni la mwenyeji: ni nani aliyekuwako mlimani kabla ya mgeni, alipanda huko kwa sababu gani, na kuja kwa wageni kumemfaa au kumemdhuru? Historia ya milima ya Uvidunda, ikilinganishwa na ya milima mingine iliyopata sifa ya mapumziko, yaonyesha ya kuwa swali hilo la mwisho lastahili kuwa la kwanza.

Uvidunda ni nchi ya milima katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Kusini mto Ruaha Mkuu waitenga na milima ya Udzungwa. Upande wa kaskazini uko mji wa Mikumi, na kupita hapo yaanza tambarare ya Mkata yenye wanyama wengi. Chini ya milima viko vijiji na miji midogo ya bondeni, kama Kidodi, Ruhembe na Kidatu, ambako joto ni kali na miwa yastawi. Juu, hewa hubadilika. Atokaye bondeni akapanda kwa miguu huhisi jasho likimkauka mwilini kabla hajafika kileleni, na usiku hutafuta nguo nzito ya kujifunika. Kwa kipimo cha hewa peke yake, Uvidunda hauna sababu ya kuona haya mbele ya mlima wowote wa mapumziko.

Habari za uponyaji wa hewa ya milima ya pande hizo zimeandikwa tangu zamani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka pwani kwenda kutafuta maziwa ya bara. Walipopita nchi ya chini ya Zungomero mvua na homa ziliwadhoofisha hata wakawa hawajiwezi. Walipoanza kupanda milima ya Usagara, jirani ya Uvidunda upande wa kaskazini, Burton aliona mabadiliko makubwa, akaandika ya kuwa nguvu na afya zilirudi kwa upesi wa ajabu. Lakini katika safari hiyo hiyo aliona pia kijiji kilichokuwa kimeharibiwa na wateka watumwa, na wenyewe wametawanyika. Basi mgeni na mwenyeji walikuwa katika nchi moja, wakivuta hewa moja, lakini hawakuwa na mapumziko mamoja. Mgeni alipanda mlima akaacha homa nyuma yake. Mwenyeji alipanda mlima akiwakimbia watu.

Na hiyo ndiyo maana ya mlima katika historia ya Wavidunda wa karne ya 19. Nchi yao ilikuwa katikati ya hatari mbili. Upande wa kaskazini ilipita njia kuu ya misafara iliyofuata bonde la Mukondoa, na pamoja na bidhaa njia hiyo ilileta biashara ya watu. Upande wa magharibi iliinuka dola ya Wahehe. Majeshi ya Mkwawa, ambayo yaliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, yalishuka mwaka uliofuata hata Kondoa karibu na Kilosa, yakaangamiza kikosi cha Wajerumani kilichowekwa hapo. Mtu wa bondeni katika miaka hiyo alikuwa kama aliyejenga nyumba njia panda: kila aliyepita alikuwa na haja naye. Mtu wa mlimani alikuwa na nafasi ya kuwaona wajao kabla hawajamwona yeye. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipowaka, moto wake ulifika Kilosa na Uvidunda pia, na mlima ukawa tena mahali pa kujihifadhi. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kuuita mlima huo mzuri, wenyeji walikuwa wamekwisha kuuita salama. Wao nao walitafuta mapumziko. Lakini mapumziko yao yalikuwa ya kuachwa wakae.

Burton huyo huyo ni shahidi wa mlima wa namna ya pili. Mwaka 1861, akiwa njiani kwenda kuwa balozi mdogo katika kisiwa cha Fernando Po, alishukia Madeira, kisiwa cha Wareno katika Bahari ya Atlantiki, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Madeira ni mlima uliosimama baharini. Kilele chake kikubwa, Pico Ruivo, chapita mita 1,800, na mji wake mkuu, Funchal, umelala chini ya mlima ukitazama kusini. Majira ya huko hayana ukali: mwezi wa baridi wastani wa joto mjini hushuka kama digrii 16, na mwezi wa joto hauzidi sana 23. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 19 wagonjwa wa kifua kutoka nchi za kaskazini ya Ulaya walishauriwa na waganga wao kwenda huko kukimbia baridi. Malkia Elisabeth wa Austria alikaa kisiwani majira ya baridi ya 1860 na 1861. Waliokuja kuponywa walifuatwa na waliokuja kustarehe, na mwaka 1891 ilifunguliwa hoteli ya Reid, ambayo jina lake lingali likitajwa hata leo. Hivyo kisiwa kikawa mfano wa mahali palipotengenezewa wageni.

Lakini ukiuliza habari za mwenyeji, hadithi hugeuka. Wareno walipoanza kukaa Madeira, karibu na mwaka 1420, kisiwa hakikuwa na watu. Kilifunikwa na msitu, na jina lake lenyewe maana yake ni miti. Msitu ulifyekwa na kuchomwa, ikapandwa miwa, na katika kazi za mashamba na viwanda vya sukari walitumiwa pia watumwa, wakiwamo waliotolewa Afrika. Maji ya mlimani yaliteremshwa mashambani kwa mifereji iitwayo levada, iliyochongwa kando ya majabali kwa jasho na hatari kubwa. Leo wageni hutembea kandokando ya mifereji hiyo kwa kujifurahisha, nao huisifu kwa haki; lakini haikuchimbwa kwa ajili ya matembezi. Na katika karne ile ile ambayo wagonjwa matajiri walikuja Madeira kutafuta maisha, maskini wa Madeira waliondoka kwenda kutafuta maisha kwingine: tangu 1835 walipelekwa Guyana kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na tangu 1878 walikwenda Hawaii. Meli zilishusha wapumzikaji na kupakia wachovu. Hakuna hesabu ya uzuri wa kisiwa iliyo kamili bila ya safari hizo mbili kuwekwa pamoja.

Hata katika nchi ya Tanzania jambo hili lina mfano wake. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliichagua Lushoto, katika milima ya Usambara, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, wakaifanya mahali pa kuburudikia kutoka joto la pwani. Waingereza walipokuja walirithi mapenzi hayo. Hapo barabara ilipasuliwa kutoka Mombo, nyumba zikajengwa, bustani zikapandwa. Usambara haukushinda milima mingine yote kwa hewa. Ulipendelewa kwa kuwa ulikuwa karibu na bandari ya Tanga na reli yake, na kwa kuwa serikali iliutaka. Lakini baadhi ya ardhi ya Wasambaa ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi. Mapumziko ya bwana yalipimwa katika shamba la mwenyeji.

Uvidunda haukupata Lushoto yake. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa na kuleta mashamba ya mkonge. Mlima ukaachwa kando. Baada ya Vita Kuu ya Pili barabara ya Morogoro kwenda Iringa ilifungua tambarare ya Mkata, na pamoja nayo wakaja wawindaji. Mwaka 1964 serikali ya nchi iliyokuwa huru tangu 1961 ikatenga sehemu ya tambarare hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1964 Madeira ilifunguliwa uwanja wake wa ndege, nayo safari ya siku nyingi za meli ikawa ya saa chache. Hivyo milima miwili iliyo mbali sana ilifunguliwa kwa wageni katika mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Madeira wageni walikwenda mlimani kwenyewe. Mikumi walikwenda kutazama tembo, nyati na twiga bondeni, na milima ya Uvidunda ikawa mandhari ya nyuma ya picha.

Mwalimu Nyerere hunasibishwa na usemi wa miaka ile ya mwanzo wa uhuru, ya kwamba yeye binafsi hakutamani kumaliza likizo yake akiwatazama mamba, ila aliamini wanyama wangeipatia nchi fedha nyingi baada ya almasi na mkonge. Likizo iliyopangwa ilikuwa ya wengine, na faida iliyotazamiwa ilikuwa ya taifa zima. Huo ulikuwa ni uamuzi wenye busara yake. Lakini taifa ni kubwa, na kijiji kilicho mpakani ni kidogo. Faida ya wote yaweza kupatikana kwa gharama ya wachache.

Kadhalika mambo mengine ya Madeira yalifika chini ya Uvidunda, ila kwa mpango mwingine. Sukari ilifika: katika miaka ya 1960 mashamba na kiwanda vya Kilombero vilianza kazi, na reli ya tawi kutoka Kilosa ikapita Mikumi mpaka Kidatu. Maji ya mto yalifungwa: bwawa la Kidatu katika Ruaha Mkuu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na baadaye kituo chake kikafikia uwezo wa megawati 204. Kazi hizo ziliwavuta watu bondeni, mlimani wakabaki wakulima wenye mashamba katika miteremko. Mlima uliokuwa ngome ya wote ukawa nyumba ya waliobaki.

Mwaka 1992 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa ng'ambo ya Ruaha. Hapo msitu wenyewe ndio uliohifadhiwa, pamoja na maporomoko ya Sanje na nyani wasiopatikana penginepo duniani. Kwa miaka kadhaa wanakijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Wenye kuilinda misitu wana hoja ya nguvu: mlima ukiwa uchi, mito hukauka, na mito ikikauka hakuna mpunga, hakuna sukari, wala hakuna umeme. Hoja hii haikanushiki. Madeira yenyewe, iliyochoma msitu wake, leo yajivunia masalio yake, ambayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Hata hivyo mama anayepika hawezi kuwasha jiko kwa hoja. Ikiwa msitu ni wa dunia, kuni za badala yake nazo zingepaswa kuwa deni la dunia, wala si la mama huyo peke yake.

Siku hizi njia, iliyokuwa kikwazo cha kale, yafupika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ikisimama Kilosa. Mwalimu, karani au mwanafunzi aliyechoshwa na joto la mji aweza kuondoka asubuhi akaiona milima kabla jua halijachwa. Yamkini siku moja mtu ataeneza karatasi mezani apange mapumziko ya Uvidunda kama wengine wanavyopanga ya Madeira: hewa njema, njia fupi, malazi nafuu. Mpango huo hauna ubaya, na ungekuwa jambo la heri ikiwa Watanzania nao watajifunza kuifurahia milima yao badala ya kuiachia wageni.

Lakini historia yatangulia kumwambia mpangaji huyo mambo mawili. La kwanza, hewa haikufanya mahali popote kuwa mahali pa mapumziko; kilichofanya ni njia, na njia huwa na mwenye kuiamuru. Aliyeamuru njia ya Lushoto hakuwa Msambaa, na aliyefaidi hewa ya Funchal hakuwa mchimba mfereji. La pili, mlima wa Uvidunda si mtupu. Ulikwisha chaguliwa zamani na watu waliokuwa na haja kubwa zaidi ya kupumzika kuliko mtalii yeyote, nao walilipa gharama ya kupanda kwao kwa kulima miteremko na kubeba kila kitu kichwani. Katika desturi za nchi hii mgeni hapangi nyumba ya mwenyeji. Hubisha hodi, akangoja kukaribishwa. Wazee wa vijiji vya mlimani wakiulizwa kwanza ni wapi wageni wapite, walale wapi, na fedha ziingie katika mfuko gani, jibu lao laweza kuwa karibu, na laweza kuwa bado. Lote mawili ni majibu ya mwenye nyumba, na mpango wa safari uanzie hapo.