Protini ya kijusi katika damu ya mtu mzima

Mwaka 1963, katika Taasisi ya Gamaleya jijini Moscow, Garri Abelev na wenzake walikuwa wakichunguza protini za ini na za uvimbe wake. Panya waliopandikizwa kansa ya ini wakawaonyesha jambo geni. Damu ya panya hao wazima ilikuwa na protini ambayo kwa kawaida huonekana kwa wale walio bado tumboni au waliozaliwa karibuni. Uvimbe wenyewe ndio uliokuwa ukiitengeneza na kuimwaga katika damu.

Protini hiyo ni alfa-fetoprotini, ambayo madaktari huiita AFP. Kwa binadamu ilikuwa imeshaonekana Sweden mwaka 1956, katika damu ya kijusi. Mtoto akishazaliwa kiwango chake hushuka hadi kubaki kidogo mno, lakini seli za ini zikigeuka kuwa kansa, nyingi huianza upya kazi ya utotoni ya kuitengeneza. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov, mjini Astrakhan, aliikuta kwa mgonjwa wa kansa ya ini.

Mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha kipimo. Walihitajika wengi, na wengi walikuwa Afrika na Asia, kwenye virusi vya homa ya ini B na nafaka zenye sumukuvu, ambavyo huchochea kansa hii. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa ikiwapokea mara kwa mara, na Michael Hutt, profesa wa patholojia wa Makerere, alikuwa akiweka kumbukumbu za uvimbe wao. Mwaka 1968 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kansa ya ini nchini Uganda, na mwaka huohuo kipimo cha AFP kilijaribiwa kwa seramu za wagonjwa wa nchi hiyo. Nairobi nako, kituo cha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani chini ya Allen Linsell kilikwenda Murang'a kupima sumukuvu katika chakula cha watu. Linsell na mwenzake Peers walitoa matokeo mwaka 1973: kadiri sumukuvu ilivyozidi, ndivyo kansa ya ini ilivyozidi. Wagonjwa wa Uganda hutajwa kwa nadra katika historia ya kipimo cha AFP. Naona wanastahili kutajwa pamoja na Moscow na Astrakhan.

Kipimo cha wakati huo kilikuwa cha jeli. Seramu na kingamwili viliwekwa katika vishimo viwili, na mstari mweupe ukijitokeza kati yake, protini ipo. Jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Mwaka 1971 Erkki Ruoslahti na Markku Seppälä wa Helsinki walitumia kipimo cha mionzi kinachosoma nanogramu, wakagundua kwamba hata mtu mzima mwenye afya anayo AFP kidogo sana. Kuanzia hapo jibu likawa namba, na namba ndiyo iliyowawezesha madaktari kuuliza swali la pili: huyu atakuwaje baada ya matibabu?

Swali hilo lilichukua muda kupata majibu. Mwaka 1985 Kunio Okuda wa Japani alipanga hatua za ugonjwa kwa ukubwa wa uvimbe, maji tumboni, bilirubini na albumini, protini nyingine ambayo ini likichoka hushuka. AFP haikuwemo. Mwaka 1998 watafiti wa Italia waliiingiza katika hesabu yao, mpaka wake ukiwa nanogramu 400 kwa mililita. Mwaka 2012 Wafaransa wakaitumia kukadiria nani kansa itamrudia baada ya kupandikizwa ini jipya. Kiwango kikubwa mara nyingi huendana na uvimbe mkali, uliokwisha kupenya mishipa ya damu.

Dawa iitwayo ramucirumab inaonyesha vizuri uzito wa namba hiyo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya ini wenye AFP ya kiwango chochote haikufaulu. Iliporudiwa kwa wenye AFP ya 400 au zaidi, maisha yao ya wastani yalifika miezi 8.5 badala ya 7.3, na mwaka 2019 Marekani ikaiidhinisha, kwa kansa ya ini, kwa kundi hilo tu. Kwa familia, wiki hizo tano ni nyingi.

AFP ina mapungufu: takriban theluthi moja ya wagonjwa haiwapandi, na homa ya ini peke yake huweza kuipandisha. Ndiyo maana imeongezewa wenzake. Mmoja ni protrombini yenye kasoro, iliyoelezwa Marekani mwaka 1984. Mwingine ni aina ya AFP inayonaswa na protini ya adesi, ile ya jamii ya kunde inayopikwa mchuzi.

Hesabu hizi zote zinadhani kwamba kuna tiba. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa mwaka 2017, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta kwamba nje ya Misri asilimia 3 tu ya wagonjwa walipata tiba ya kansa yenyewe, na nusu ya wagonjwa wote wa huko walifariki ndani ya miezi 2.5. Misri ilikuwa miezi 10.9. Hakuna protini iliyowatenga hivyo. Wenye virusi vya homa ya ini B hapa kwetu wanapaswa kupimwa AFP na ultrasaundi kila miezi sita, kabla ya maumivu kuanza. Shanghai ilifanya hivyo katika jaribio la watu 18,816, na mwaka 2004 ikatangaza kwamba vifo vya kansa ya ini kwa waliokuwa wakipimwa vilipungua kwa asilimia 37.