Kibarua na Haki ya Jasho Lake



Kila siku ndimi zetu hutaja neno "kibarua". Husemwa fulani amepata kibarua, na fulani kibarua chake kimeota nyasi. Ni wachache wanaojiuliza neno hili limetoka wapi. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, mjini Unguja, nyumba za biashara za kigeni zilihitaji watu wa kupakua mizigo na kusafisha sandarusi. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku. Aliyefanya kazi alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kazi ya siku ile, na kwacho alipata malipo yake. Katika malipo hayo, sehemu kubwa, mara nyingi nusu, ilikwenda kwa bwana wake. Basi mtu akaitwa kwa jina la karatasi aliyoishika mkononi.

Na mabwana hao walikuwa nani? Tusilikimbie jambo hili. Wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa miji yetu hii hii, wakisali katika misikiti ambayo baadhi yetu twasali leo. Nao walikuwa wakisomewa hadithi ya Abu Dharr (R.A.) kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, wala tusiwatwike wasiloliweza. Wako waliolifuata neno hilo, na wako walioliacha darasani.

Sheria ilikuwa wazi

Fikihi yetu ya Kishafii haikuliacha jambo la kuajiri likaelea. Kazi ijulikane, na ujira ujulikane, kabla mtu hajainua mzigo. Hebu mtazame Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas, alipoajiriwa na mzee wa Madyan. Muda ulitajwa, miaka minane, na akizidisha hadi kumi ni hiari yake. Malipo yalitajwa. Na mwajiri mwenyewe akatamka kwamba hataki kumtaabisha. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo pia muhtasibu, na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, anaeleza kuwa miongoni mwa kazi zake ni kuwazuia wachukuzi na watu wa vyombo wasipakie kupita kiasi. Yaani hata uzito wa mzigo ulikuwa na mtu wa kuuangalia.

Utumwa ulipoondoka

Utumwa ulipoteza nguvu za kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Bwana aliondoka, lakini kibarua alibaki. Bandarini Mombasa makuli waliajiriwa kwa siku. Meli ikija, kuna kazi. Meli isipokuja, hakuna chakula. Nyumba za kupanga zilikuwa ghali na chafu, na tajiri aliona hayamhusu, maana mtu huyu ni wake kwa siku moja tu.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa katika malalamiko yao makubwa. Vita vikaja, bei zikapanda, na mishahara haikuzifuata. Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walirudi kazini baada ya siku kama 12, walipoahidiwa kuwa madai yao yatachunguzwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, akapelekwa kizuizini Kabarnet. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Mishahara ilitazamwa upya, na katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari waliandikishwa, ili kazi isiwe bahati nasibu ya kila asubuhi.

Angalia basi, ndugu msomaji, walichokuwa wakikidai. Ujira unaojulikana, kazi inayojulikana, mzigo wenye kiasi. Ni mambo yale yale yaliyomo katika vitabu tulivyosomeshwa vyuoni. Wangepewa kwa uchaji Mungu, wasingelazimika kuyadai kwa njaa ya watoto wao.

Na sisi je?

Ni rahisi kuwalaumu wakoloni na wenye makampuni. Turejee majumbani mwetu. Yule msichana aliyetoka shamba, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, mshahara wake ni kiasi gani, nao hulipwa tarehe ngapi? Fundi aliyemaliza ukuta ameambiwa "njoo kesho" mara ngapi? Hamali wa sokoni tumepatana naye kabla, au tumengoja aushushe mzigo ndipo tubishane?

Yatupasa mambo matatu. Kwanza, tupatane kabla ya kazi, na kwa mtumishi wa nyumbani tuandike, maana Qur'ani imetuamrisha kuandika deni, na mshahara usiolipwa ni deni. Pili, tulipe kwa wakati, kabla jasho halijakauka kama alivyotuusia Mtume (S.A.W.), wala tusikate mshahara wa mwezi kwa sahani iliyovunjika. Tatu, tumpe mapumziko. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 2011, unamtakia mtumishi wa nyumbani angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Isiwe aibu kwetu kwamba wengine wameyaandika haya, nasi tulioamrishwa mapema tumeyasahau.

Na ajuaye kuwa ana ujira wa mtu mkononi mwake, aukumbuke leo. Imepokewa kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaistaifu kazi yake yote, kisha asimlipe. Hapo hakuna wakili, wala hakuna kesho ya kumwambia njoo.

Wabillahi tawfiq.