Pembe, Masango na Mpingo

Misafara iliyotoka upande wa Nyasa kwenda Lindi na Kilwa ilibeba pembe za ndovu, nayo iliporejea bara ilichukua nguo, shanga na masango, zile nyuzi nene za shaba ambazo watu walizifanya vikuku. Na kwa njia hiyo ya Lindi, mwaka wa 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa katika utumwa, wakaweka makao Masasi. Hazikumbukwi aghalabu, lakini pembe na shaba zilikuwa zimekwisha kuingia katika taarikhi ya umeme karne moja na nusu kabla ya hapo.

Mwaka wa 1729, huko Uingereza, Stephen Gray, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia nguo rangi, alisugua bomba la kioo, akaning'iniza tufe la pembe kwa kamba iliyofungwa kwenye bomba hilo, akaona tufe lile linavuta manyoya ilhali halikusuguliwa kamwe. Yeye na rafiki yake Granville Wheler wakarefusha kamba, wakaitegemeza kwa nyuzi za hariri; hariri ilipokatika wakaweka waya mwembamba wa shaba mahali pake, na nguvu yote ikatoweka njiani. Hapo ndipo ilipobainika kwamba si wembamba wa uzi uliozuia umeme, bali asili ya kitu chenyewe. Naona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengi yaliyofuata, maana kutoka hapo kila kitu cha nyumbani kiliweza kuulizwa: wewe u katika kundi gani, la vinavyopitisha umeme au la visivyopitisha?

Swali hilo mwanafunzi wa Masasi au Newala huliuliza leo kwa betri ya volti 1.5, vipande vya waya na balbu ya tochi. Huacha pengo baina ya ncha mbili za waya, kisha akaliziba kwa kila kitu kilicho karibu. Kikuku cha shaba huwasha taa, kadhalika msumari, jembe lililosuguliwa kutu, na senti kumi ya zamani yenye tundu katikati. Mpingo, ambao Wamakonde waliuchonga ndonya za midomo alizozieleza mtafiti Mjerumani Karl Weule baada ya kukaa Newala mwaka wa 1906, hauwashi. Wala kigae cha chungu, wala ganda la korosho.

Wala pembe. Mbona basi tufe la Gray lilipokea umeme? Kioo kilichosuguliwa kina msukumo mkubwa mno, hata chembe za unyevu katika kamba na pembe zatosha kuupitisha. Betri ya tochi haina msukumo huo. Balbu isiyowaka haishuhudii kwamba hakuna kilichopita, bali kwamba kilichopita hakikutosha kuutia moto uzi wake. Maji ya chumvi hupitisha, na balbu hiyo yaweza kukaa kimya. Kwa hiyo nahuzunika nionapo daftari la mtoto limeandikwa "hakipitishi" kwa haraka, na mwalimu akatia alama ya sahihi.

Dawa yake i karibu. Ruangwa, kaskazini ya Masasi, ardhi ina madini ya kinywe, ambayo yakichanganywa na udongo hufanya kiini cha penseli. Penseli ichongwe pande zote mbili, iwekwe katika pengo: ikiwa fupi taa huwaka kwa unyonge, ikiwa ndefu hufifia hata isionekane, na kitu ni kile kile.