Mechi 17, Ushindi 2: Harambee Stars Wakitazamwa Kutoka Ng'ambo ya Mombasa

Hesabu ya Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya, katika Kombe la Mataifa ya Afrika haihitaji kikokotoo. Wameingia fainali mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Wamecheza mechi 17, wakashinda mbili, wakatoka sare nne na kufungwa 11. Mabao waliyotia wavuni ni 11 pia. Mara zote sita walifunga virago kabla ya hatua ya mtoano.

Lakini ingia kwenye kibanda cha kutazamia mpira Timbwani, Mlaleo au Chaani, mitaa ya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, uulize timu ya taifa ina nini cha kujivunia, na hutasikia hesabu hiyo. Wazee watakutajia Mahmoud Abbas. Vijana watakutajia ule usiku wa Tanzania kule Cairo. Na wote wana haki, kwa sababu Stars wana historia mbili. Moja ni ya bara zima la Afrika, nayo ni ya kupepesuka. Nyingine ni ya ujirani, ya Uganda, Tanzania, Zanzibar na wenzao, na humo Kenya imekuwa bingwa tena na tena.

Historia ya ujirani ndiyo ya kwanza kuzaliwa. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililobeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza, na Kenya ikalitwaa mwaka huohuo baada ya mechi ya kwanza kwenda sare na kurudiwa. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Kwa hiyo kabla Kenya haijawa na bendera yake, tayari ilikuwa na watani wa jadi. Kuanzia 1973 mashindano ya ukanda huu yakawa Kombe la Chalenji la Cecafa, ambalo Kenya imelibeba 1975, 1981, 1982, 1983, 2002, 2013 na 2017.

Mombasa haikuwa mtazamaji tu. Ligi ya taifa ilipokuwa na umri wa miaka miwili, mwaka 1965, ubingwa ulichukuliwa na Feisal ya Mombasa, mbele ya timu zote za Nairobi na Nakuru. Enzi hizo winga Ali Kajo, mtoto wa hapahapa, alikuwa jina la kuitikisa nchi. Sifa hiyo ilikuwa zaidi ya kisiwani kuliko ya ng'ambo, kwani vilabu vyenye jina vilikuwa vya mjini. Ng'ambo soka lilikuja na ajira. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Changamwe mwaka 1963, mitaa ya wafanyakazi ikaota kandokando ya reli na bandari, na kila penye vibarua wengi pakawa na timu. Kampuni ya kupakua mizigo ilikuwa na Cargo, na mizizi ya Bandari ya leo iko kwenye timu za namna hiyo za bandarini. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980, Kisauni nayo ikafurika watu, na viwanja vya vumbi vikafurika watoto.

Tatizo lilikuwa ngazi iliyofuata. Mchezaji wa Pwani aliyetaka kuonekana na makocha wa taifa alilazimika kupanda basi kwenda Nairobi, kwenye AFC Leopards, Gor Mahia au Breweries. Ndivyo ilivyokuwa kwa Abbas, kipa mzaliwa wa Mombasa aliyepata umaarufu akiwa Ingwe, yaani AFC Leopards.

Tuanze basi na 1972, safari ya kwanza ya Kenya kwenye fainali za Afrika. Timu zilikuwa nane tu, wenyeji Cameroon. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji hao, ikatoka sare ya 1-1 na Mali, kisha 1-1 na Togo. Kwa wageni wasiojulikana hayakuwa matokeo ya kuona haya. Ukiyaweka karibu na yaliyofuata, yanapendeza zaidi. Kenya ilisubiri miaka 16 kurudi huko.

Katikati ya kungoja huko ndipo ubora wenyewe ulipoonekana. Kocha Marshall Mulwa, Mkenya, alichukua Chalenji mara tatu mfululizo. Mwaka 1981 Kenya iliifunga Tanzania 1-0 kwenye fainali Dar es Salaam, mbele ya mashabiki wa Tanzania. Mwaka 1982 ilikwenda Kampala, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, na ikashinda kwa penalti 5-3. Mwaka 1983 ikamaliza kazi nyumbani Nairobi kwa kuifunga Zimbabwe 1-0. Kushinda fainali mbili mfululizo ugenini, dhidi ya wenyeji, ni jambo ambalo timu nyingi kubwa zaidi za Afrika hazijalifanya. Langoni alikuwa Abbas, na jina lake la utani lilikuwa “Kenya One”. Kwa watoto waliokulia Likoni na Kisauni miaka ile, ambao wengi waliifuata timu kwa redio tu, jina hilo lilikuwa la mtu wa kwao.

Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na Stars wakafika fainali ya soka katika uwanja mpya wa Kasarani. Misri iliwafunga 1-0. Medali ya fedha ile ndiyo hatua ya mbali zaidi ambayo timu hiyo imewahi kufika katika mashindano ya bara zima.

Baada ya hapo ikaja miaka ambayo mashabiki hupenda kuiruka. Morocco 1988: Nigeria 3, Kenya 0; Misri 3, Kenya 0; Cameroon na Kenya bila bao. Algeria 1990: sare tasa na Senegal, kipigo cha 1-0 kutoka kwa Zambia, 2-0 kutoka kwa Cameroon. Mechi sita bila bao hata moja! Walipokwenda Senegal 1992 walipata bao la kufutia machozi dhidi ya Nigeria, wakafungwa 2-1, halafu wenyeji wakawatandika 3-0. Kufuzu mara tatu mfululizo ni kazi, lazima isemwe. Ila timu iliyokuwa ikiwasumbua majirani kwa mashambulizi ilifika kule na kugeuka ukuta unaobomoka polepole. Kisha mkosi wa nje ya uwanja: Kenya iliyopewa uenyeji wa fainali za 1996 ikanyang'anywa, na Afrika Kusini ikazipokea na kuzishinda.

Ushindi wa kwanza wa Kombe la Afrika ulikuja Tunisia, 2004, kikosi kikiwa chini ya Jacob Mulee, yule wanayemwita “Ghost”. Mali iliwafunga 3-1, Senegal 3-0, na kila mtu akajua safari imekwisha. Katika mechi ya mwisho, isiyokuwa na maana tena kwa Kenya kwenye msimamo, Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza walifunga bao moja kila mmoja na Burkina Faso ikalala 3-0. Ilichukua miaka 32 tangu Cameroon.

Mombasa ilipata bahati ya kuwaona kwa macho Desemba 2013, Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru na kuandaa Chalenji. Robo fainali zililetwa Uwanja wa Manispaa. Stars waliifunga Rwanda 1-0, na hapohapo Tanzania ikaiondoa Uganda kwa penalti. Feri na matatu zilifanya kazi. Fainali ilirudishwa Nyayo, Nairobi, ambako Allan Wanga aliifunga Sudan mabao yote mawili. Uwanja huo wa Mombasa baadaye ulifungwa kwa ukarabati uliosuasua mwaka hadi mwaka, na timu za Pwani zikabaki kubanana Mbaraki.

Fainali ya Chalenji ya 2017 huko Machakos iliwaweka watu wa Pwani njia panda, kwa sababu mpinzani alikuwa Zanzibar. Wapo wenye ndugu Unguja na Pemba, na wapo waliosema wazi kwamba siku hiyo hawana upande. Mechi iliisha 2-2, na Patrick Matasi akaokoa penalti tatu, Kenya ikashinda 3-2.

Halafu 2019, Misri. Algeria, ambao mwishowe wangekuwa mabingwa, waliwafunga Stars 2-0. Juni 27 ikaja zamu ya Tanzania, na barabara inayotoka feri ya Likoni kwenda Lungalunga ndiyo hiyohiyo inayokwenda Tanga, kwa hiyo kutaniana kulianza wiki nzima kabla. Simon Msuva alifunga mapema. Michael Olunga akasawazisha, na kabla watu hawajakaa Mbwana Samatta akaipa Tanzania uongozi tena. Kipindi cha pili Johanna Omolo alisawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akapachika la tatu. Kenya 3, Tanzania 2. Ushindi wa pili, na mpaka sasa wa mwisho, wa Kenya kwenye fainali hizo. Kikosini alikuwamo Faruk Shikhalo, kipa aliyekuwa ametamba na Bandari, klabu iliyotwaa kombe la ngao mwaka huohuo. Senegal ilimaliza stori kwa 3-0.

Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa shirikisho, na Stars wakaondolewa kwenye mechi za kufuzu za fainali za 2023 bila kupiga mpira. Hasira ya mashabiki haikuwa kwa wachezaji.

Agosti 2025 ikaleta kitu tofauti. Mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani, yaliandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Chini ya Benni McCarthy, Kenya iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0, kisha Zambia 1-0, na kuongoza kundi lake. Madagascar iliwatoa kwa penalti robo fainali Kasarani.

Nchi hizo tatu zitaandaa pia Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Viwanja vya Kenya vinavyotajwa zaidi ni Kasarani, Nyayo na Talanta, vyote vya Nairobi. Mkazi wa Mtongwe, upande wa Likoni, atakayetaka kuwaona Stars kwenye fainali zao za saba atavuka kwa feri, atapanda matatu hadi Miritini, na huko ataanza kupanga foleni ya tikiti ya treni ya Nairobi.